Daktari wa Wasiopona: Maisha ya Cicely Saunders



Wengi wetu tumewahi kwenda kumtazama mgonjwa aliyerudishwa nyumbani kutoka hospitali kwa sababu waganga wamesema hakuna la kufanya tena. Tunaingia, tunampa pole, tunasali, tunaacha sukari na sabuni, kisha tunaaga. Na tukisema kweli mbele za Mungu, mara nyingi miguu yetu huwa na haraka ya kutoka, maana hatujui la kusema wala la kutenda.

Mwezi huu tunawaletea habari za maisha ya Daktari Cicely Saunders, Mwanglikana wa Uingereza, aliyefariki mwaka 2005. Yeye alilisikia neno hilo, kwamba hakuna la kufanya, akakataa kulipokea. Wengi wanaolijua jina lake humkumbuka kama rafiki wa wagonjwa wa kansa, na ni kweli. Lakini alikuwa pia daktari wa watu ambao mishipa yao ya fahamu imekufa, watu waliopooza mwili huku akili zao zikiwa nzima. Tena mmoja wa walimu wake wakubwa alikuwa mama kipofu aliyelala kitandani bila kuweza kugeuka.

UJANA WAKE

Cicely alizaliwa tarehe 22 Juni 1918 huko Barnet, kaskazini ya London. Baba yake alikuwa dalali wa nyumba na mashamba, mtu mwenye mali. Nyumba ilikuwa kubwa lakini haikuwa na raha, kwa kuwa wazazi hawakupatana, na mwishowe waliachana. Binti huyo alikuwa mrefu kuliko wenzake na mwenye haya nyingi. Alipopelekwa shule ya bweni hakuwa na marafiki wengi. Baadaye aliona kwamba upweke ule ulimfundisha kuwatambua watu walioachwa kando.

Mwaka 1938 aliingia Chuo Kikuu cha Oxford kusoma siasa, falsafa na uchumi. Vita Kuu ya Pili ilipoanza hakuona amani kukaa na vitabu, akatoka mwaka 1940 kwenda kujifunza uuguzi katika Hospitali ya St Thomas, London. Kazi hiyo aliipenda kwa moyo wote. Lakini mgongo wake ulikuwa mbovu tangu utoto, na mwaka 1944 alishauriwa kuacha, maana muuguzi huinua wagonjwa usiku na mchana. Lilikuwa pigo kubwa kwake. Akarudi Oxford, akamaliza masomo, akawa afisa wa ustawi wa wagonjwa hospitalini, yaani mtu wa kushughulikia shida zao za nyumbani, za fedha na za jamaa.

Hadi wakati huo hakuwa mtu wa dini sana. Mwaka 1945 alikwenda mapumzikoni pwani ya Cornwall pamoja na rafiki Wakristo, na huko ndiko alikompokea Kristo. Tangu siku hiyo alikuwa akiuliza ni kazi gani Mungu anataka aifanye. Jibu halikuja upesi.

KIJANA WA WARSAW

Mwaka 1947 alikutana na mgonjwa mmoja aitwaye David Tasma, Myahudi kutoka mji wa Warsaw katika Poland. Alikuwa mtu wa miaka 40, mtumishi wa mezani katika hoteli, hana ndugu wala jamaa katika Uingereza, naye alikuwa na kansa isiyotibika. Kilichomsumbua zaidi ya maumivu ni kwamba alijiona ameishi bure, na akifa hakuna atakayejua kwamba aliwahi kuwako duniani.

Cicely alikuwa akimtembelea mara kwa mara, wakazungumza juu ya mahali ambapo mtu kama yeye angeweza kufia kwa amani, penye dawa ya maumivu na watu wa kumsikiliza. Wakapendana. David alifariki mwezi wa Februari 1948, akamwachia Cicely pauni 500, akitaka ziwe dirisha katika nyumba hiyo watakayoijenga. Nyumba yenyewe haikuwako, wala kiwanja hakikuwako. Palikuwa na dirisha tu. Ilimchukua Cicely miaka 19 kujenga kuta za kulizunguka.

Kwanza alikwenda kujitolea nyakati za jioni katika hospitali ya St Luke, Bayswater, iliyoanzishwa mwaka 1893 kwa ajili ya maskini waliokuwa wakifa. Huko aliona jambo ambalo hakuliona katika hospitali kubwa. Katika hospitali nyingi za siku zile mgonjwa alipewa mofini pale tu maumivu yalipomshinda akalia. Dawa ikiisha nguvu alingoja tena hadi alie. Pale St Luke wauguzi walitoa dawa kwa saa, kila baada ya saa nne, kabla maumivu hayajarudi. Wagonjwa wao walikuwa wametulia, wanazungumza, wanakula. Hawakulewa, na hawakukaa wakiitazama saa kwa hofu.

Cicely akatamani kurudi kwenye uuguzi wa usiku ili awatunze watu wa namna hiyo. Daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi naye akamshauri vingine. Alimwonyesha kwamba ni madaktari wanaowakimbia wanaokufa, na kwamba hawatamsikiliza mtu asiye daktari mwenzao. Basi mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka 33, aliketi darasani pamoja na vijana wadogo kuanza masomo ya udaktari. Alihitimu mwaka 1957.

MAMA KIPOFU ALIYEMFUNDISHA

Wakati angali mwanafunzi pale St Thomas, Cicely alifanya urafiki na mgonjwa ambaye katika maandishi yake alimwita Mama G. Mama huyo alikuwa na ugonjwa unaoitwa kwa jina la daktari Devic, ugonjwa adimu unaoshambulia mishipa ya macho na uti wa mgongo. Ulimpofusha na kumpoozesha. Hakuwa na kansa, wala hakuwa mtu wa kufa kesho. Alikaa hospitalini mwaka baada ya mwaka, akitegemea mikono ya wengine kwa kila jambo.

Mtu angedhani chumba chake kilikuwa mahali pa huzuni, lakini waliokwenda kumtazama walitoka wamechangamka. Alizijua habari za wauguzi na wanafunzi, aliwasikiliza, alicheka nao, na imani yake ilikuwa na nguvu. Cicely aliketi naye saa nyingi na kumweleza mipango yake yote. Ni katika mazungumzo hayo ndipo lilipotoka jina la nyumba ile: ingeitwa kwa jina la Mtakatifu Christopher, msimamizi wa wasafiri, kwa kuwa anayekufa yumo safarini naye anahitaji mahali pa kupumzika njiani.

Kwa Mama G. alijifunza kwamba mtu aliyepooza hajapungua utu wake hata kidogo. Mwili ukikataa kazi zote, bado yumo mtu ndani yake, anayeweza kupenda, kuchukia, kuamua, hata kuwafariji wazima. Somo hili lilimsaidia sana baadaye.

MIAKA YA ST JOSEPH

Mwaka 1958 alianza utafiti juu ya maumivu katika hospisi ya St Joseph, Hackney, iliyoendeshwa na masista Wakatoliki kutoka Ireland. Masista hao walikuwa na upendo mwingi lakini dawa zao zilitolewa kwa desturi ya zamani. Daktari Saunders akaleta utaratibu wa St Luke: dawa kwa njia ya mdomo kila inapowezekana, kwa saa maalum, kwa kipimo kinachomfaa mgonjwa huyo na si mwingine. Akaandika habari za kila mgonjwa kwa uangalifu, na kwa miaka saba zilifika zaidi ya wagonjwa 1,000. Kwa njia hiyo aliweza kuwaonyesha madaktari wenzake kwamba hofu yao haikuwa na msingi. Mofini ikipimwa sawasawa na maumivu haimfanyi mgonjwa kuwa mlevi wa dawa, wala haimharakishi kaburini.

Hapo pia alitambua kwamba maumivu hayako mwilini peke yake. Alimwuliza mgonjwa mmoja habari za maumivu yake. Mama huyo akaanza kueleza mgongo, lakini kabla ya kumaliza alikwisha kutaja hofu yake, uchovu wa mume na mwana, matumizi ya fedha, na kutamani kwake kujisikia salama tena. Daktari Saunders akayaita yote hayo maumivu kamili: ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho. Ukitibu moja ukaacha mengine, mgonjwa bado anaumwa.

Miaka hiyo haikuwa rahisi. Mwaka 1960 alimpoteza mgonjwa mwingine kutoka Poland, Antoni Michniewicz, ambaye alimpenda sana. Muda si muda Mama G. naye akafariki, kisha baba yake mzazi. Vifo vitatu vilifuatana upesi, na huzuni ilimlemea. Lakini hakuacha kazi. Aliandika barua mia kwa mia kuomba fedha na ushauri. Waliofanya kazi naye walisema alikuwa mtu mgumu, mwenye kushika neno lake na asiyependa kupingwa. Pengine mtu mpole zaidi asingalifika.

NYUMBA YA WASAFIRI

Palikuwa na swali ambalo lingeweza kuivunja kazi kabla haijaanza: je, nyumba hii iwe ya Waanglikana peke yao? Baadhi ya marafiki walitaka iwe ya jumuiya maalum ya Kikristo. Cicely alisali na kushauriana sana, hata na askofu. Mwishowe iliamuliwa kwamba msingi wake uwe wa Kikristo, iwe na kanisa lake dogo na sala zake, lakini mlango uwe wazi kwa wagonjwa na wafanyakazi wa dini zote na wasio na dini. Alikumbuka kwamba jiwe la kwanza la nyumba hiyo liliwekwa na Myahudi.

Hospisi ya St Christopher ilifunguliwa rasmi mwezi wa Julai 1967 huko Sydenham, kusini ya London, ikiwa na vitanda 54. Dirisha la David Tasma likawekwa karibu na mlango. Palikuwa na bustani, chumba cha watoto wa wafanyakazi, na ruhusa ya jamaa kukaa na mgonjwa wao. Mwaka 1969 wauguzi walianza kutoka kwenda kuwatunza wagonjwa majumbani mwao, na kazi hiyo ikawa kubwa kuliko ile ya vitandani.

Nyumba hii haikuwa ya kansa peke yake. Tangu miaka yake ya mwanzo ilipokea wagonjwa wa ule ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu inayoongoza misuli. Tuueleze kidogo. Mtu huanza kwa kudondosha kikombe au kujikwaa. Baada ya miezi mkono haushiki kijiko. Kisha ulimi unakuwa mzito, kumeza kunakuwa taabu, na mwishoni misuli ya kupumulia nayo inachoka. Wagonjwa wengi hufariki katika muda wa miaka michache. Na kwa walio wengi akili haiguswi sana, hivyo mtu huona na kuelewa yote yanayompata. Dawa ya kuuponya haikuwako, na hata leo haijapatikana.

Hawa ndio waliokimbiwa zaidi. Madaktari waliogopa kuwapa mofini, wakidhani itazima pumzi iliyobaki. Wagonjwa wenyewe na jamaa zao waliogopa kwamba mwisho utakuwa wa kupaliwa na kukosa hewa. Daktari Saunders na wenzake waliikabili hofu hiyo kwa kazi za mikono. Chakula kililainishwa, mgonjwa akaketishwa wima, kichwa chake kikaegemezwa vizuri, akalishwa bila haraka. Mate yaliyomsumbua yalikaushwa kwa dawa. Aliyepoteza sauti aliongea kwa macho, akionyesha herufi moja moja ubaoni, na mwuguzi alingoja hadi neno litimie. Jamaa waliochoka walipokelewa mgonjwa wao kwa majuma machache ili wapumzike, kisha akarudi nyumbani. Na mofini ilitolewa, kwa kipimo kidogo, ikiongezwa polepole. Ilituliza kuhema na hofu, na mgonjwa akapata usingizi.

Mwaka 1992 yeye na wenzake wawili walichapisha habari za wagonjwa 124 wa ugonjwa huo waliotunzwa pale St Christopher. Ilionekana kwamba mofini iliyotolewa kwa uangalifu ilikuwa salama, na kwamba kifo cha kupaliwa kilichoogopwa sana kilikuwa nadra mno. Wengi waliondoka kwa utulivu. Kwa familia iliyokuwa ikikesha kwa hofu, habari hizo zilikuwa faraja kubwa.

MABISHANO NA HESHIMA

Katika nchi yake walikuwako watu waliodai sheria ya kumruhusu daktari kumsaidia mgonjwa kufa, na mara nyingi walitaja magonjwa kama haya ya kupooza. Daktari Saunders alipinga jambo hilo maisha yake yote. Aliona kwamba mtu anayeomba kufa mara nyingi anaomba maumivu yakome, au anaogopa kuwa mzigo, na mambo hayo yakishughulikiwa ombi lenyewe hubadilika. Wengi hawakukubaliana naye, naye alikutana nao na kujadiliana nao kwa adabu. Mabishano hayo yaliendelea hata baada ya kifo chake.

Mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 61, aliolewa na Marian Bohusz-Szyszko, mchoraji kutoka Poland, ambaye picha zake zilitundikwa kutani mwa hospisi. Mzee huyo alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mingi, akamwuguza hadi alipofariki mwaka 1995. Malkia alimpa Daktari Saunders cheo cha Dame na baadaye nishani ya Order of Merit mwaka 1989. Mwaka 1981 alipewa Tuzo ya Templeton kwa mchango wake katika mambo ya dini. Mwaka 1987 Uingereza ilikubali kwamba matunzo haya, ambayo siku hizi huitwa tiba shufaa, ni tawi kamili la udaktari.

Mbegu ilifika na kwetu. Hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1990. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha hospisi Kampala, na huko mofini ya unga ilichanganywa na maji, ikawa dawa ya kunywa ya bei nafuu ambayo mgonjwa wa kijijini aliweza kuipata nyumbani. Muheza nako, katika Hospitali Teule iliyotokana na misioni ya Kianglikana, huduma ya namna hiyo ilianzishwa.

Daktari Saunders mwenyewe alipatwa na kansa. Alilazwa katika nyumba aliyoijenga, akatunzwa kama alivyofundisha wengine watunze, akafariki hapo tarehe 14 Julai 2005, akiwa na umri wa miaka 87.

SISI JE?

Ndugu zangu, wengi wetu si madaktari, na dawa kali si kazi yetu bali ya waganga wenye ujuzi. Lakini tunaweza kumwuliza mgonjwa wetu kama anaumwa, na kumpeleka mtu wa familia hospitalini kuuliza habari za dawa ya maumivu, badala ya kuamini kwamba kuumwa ni lazima. Tunaweza kumpokea zamu mama anayemwuguza mumewe aliyepooza, ili alale usiku mmoja. Tunaweza kuketi na asiyeweza kusema, bila kuitazama saa, tukijua kwamba anatusikia. Na tukiisha kuaga, turudi tena juma lijalo.